Wageni wa meli watembezwe mpaka Husuni

Msimu uliopita, asubuhi moja ya kaskazi, nilimwongoza bibi wa Kireno aliyeshuka kwenye meli ya utalii iliyotia nanga upande wa mashariki wa Kilwa Kisiwani. Alikuwa na fimbo mkononi na kofia pana ya ukili aliyoinunua Zanzibar siku mbili kabla. Tulisimama kivulini, mlangoni mwa Gereza, ile ngome ya zamani ya ufukweni. Nikamweleza kwamba mwaka 1502 Vasco da Gama alifika hapa na merikebu zake, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na kwamba dhahabu hiyo ilipofika Lisbon ikafuliwa kuwa chombo cha ibada, ile Custódia de Belém, kazi iliyokamilika mwaka 1506.

Bibi akavua kofia. Akaniambia chombo hicho alikiona makumbusho ya mjini kwao tangu akiwa msichana wa shule, na miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza Kilwa ni wapi. Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza wafalme wenye mji huu walikuwa wakiishi wapi.

Nikanyoosha mkono kuelekea mashariki, ng'ambo ya mikoko. Husuni Kubwa. Kasri lilijengwa karibu miaka mia mbili kabla ya da Gama, Kilwa ilipokuwa imeikamata biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo. Akasema, "Twende." Na filimbi ikalia ufukweni. Saa moja na nusu yao ilikuwa imekwisha, chakula cha mchana kinawasubiri melini.

Nimezaliwa Kisiwani. Kuwatembeza wageni nilianza kijana, enzi ambazo aliyekuja alikuja mmoja mmoja na mkoba wake mgongoni, anavuka na mashua kutoka Kilwa Masoko, mji wa bara ulio ng'ambo yetu, analala, anakula samaki na sisi, anaondoka akitaka. Siku hizi tunapata pia hizi meli ndogo za utalii, zenye abiria mia moja, wakati mwingine mia mbili. Abiria wanashushwa kwa boti za mpira, kumi kumi, wamevaa majaketi ya kujiokolea, hadi mchangani mbele ya Gereza. Ni heshima kubwa na ni riziki, sina neno baya juu ya ujio wao. Ninachosema ni kwamba matembezi tunayowapa yanakatika katikati. Wanaona Gereza, wanafika Msikiti Mkuu, wanapiga picha chini ya kuba, wanarudi. Njia ya kutoka msikitini kwenda Husuni Kubwa, zaidi ya kilomita moja kwa miguu, hawaikanyagi. Na kwangu mimi Kilwa iko kwenye njia ile.

Nitaeleza kwa nini. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alifika hapa. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu na ndiye aliyejenga Husuni Kubwa. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alikuwa ametoka kuswali, anaelekea nyumbani kwake, fukara mmoja wa Kiyemeni akamsimamisha njiani. Akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akakubali palepale, akarudi akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, zile akampa fukara. Watu wakasifu sana. Mtoto wa sultani akazitwaa zile nguo kwa fukara na kumpa watumwa kumi badala yake. Na sultani, alipoona jinsi watu walivyopendezwa, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Msikiti ndio huu, kasri ndilo lile. Njia iliyo kati yake ndiyo tunayowanyima wageni.

Wapo wenzangu wanaoikata hadithi hiyo kwenye nguo. Wanaona inapendeza zaidi hivyo, mgeni anatabasamu, anatoa bahshishi. Mimi huimaliza, na huimaliza tukiwa tunatembea, kwa sababu watu ishirini waliogawiwa kama vikapu vya mtama hawastahili kufichwa. Tukifika penye mibuyu huongeza kwamba mwaka 1776 sultani mwingine wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Mgeni aliyesimama akiwa na kamera usoni hukisikia kitu hicho nusu nusu. Anayetembea hukisikia. Nimeliona hilo mara nyingi: hatua zinapungua, mtu anaanza kuuliza maswali ya kweli, na wengine wanataka tu kunyamaza kwa dakika tano. Njia inawapa nafasi ya kunyamaza.

Halafu kuna yale ambayo ni mguu tu unayaona. Ukiyaacha magofu ya msikiti unaingia kijijini, nyumba za udongo na makuti, mihogo, minazi, mbuzi, watoto wanaotaka kujua unaitwa nani. Kuna kisima ambacho akina mama bado wanateka maji. Mgeni wangu mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu, alimkuta mama akivuta ndoo akamwomba amsaidie. Mama akacheka akampa kamba, na yule mzee alipoinama juu ya kisima aliona jiwe la ukingoni limechimbika mifereji kwa ajili ya kamba zilizopita pale. Akaingiza kidole kwenye mfereji mmoja, kikazama mpaka kwenye kifundo. Hakupiga picha. Alikitoa kidole akakitazama, kisha akashika kamba akavuta.

Mvua ikiwa imenyesha usiku, njia yenyewe inafunguka. Ardhi ya Kisiwani imejaa vigae. Unatembea unaona kipande cha kijani kilichofifia, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, laini kama tunda: hicho ni kipande cha bakuli lililotoka China. Hatua chache mbele ni kigae cha samawati kutoka Uajemi, kisha chungu chetu cha kawaida chenye mikwaruzo shingoni, kilichopikiwa wali au mtama na mtu asiye na jina. Sharti langu ni moja, na nalisema kabla hatujaondoka: unainama, unatazama, unaacha pale pale. Nawasimulia pia kwamba sarafu ya shaba ya Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe, na mwaka 1944 sarafu nyingine zikaokotwa hata kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zilikofika kwa njia ambayo hakuna anayeijua. Mgeni akishasikia hivyo hutazama chini kila hatua.

Na mwishoni ni Husuni yenyewe. Unapanda taratibu, vichaka vinaachana, unajikuta juu ya jabali, bahari iko chini yako. Vyumba zaidi ya mia. Birika la kuogea lenye pembe nane, mawe yake ya matumbawe bado yamekaa sawasawa. Ua ambao wataalamu wanauhesabu kuwa mahali pa biashara. Na ngazi, ngazi za mawe zinazoteremka hadi majini. Wageni wa sultani walipanda hapo. Mtu akitaka kuelewa kwamba huu ulikuwa mji unaotazama baharini, hana haja ya maneno yangu. Asimame juu ya ngazi zile na ageuze uso.

Najua majibu ninayopewa kila nikilisema hili. La kwanza ni kwamba abiria wengi ni wazee na jua ni kali. Ni kweli. Lakini wazee hao hao wanalipa pesa nyingi kuvuka bahari tatu, na wengi wana miguu mizuri kuliko vijana wa ofisini. Kinachowachosha ni kusimama juani wamezungukwa na watu arobaini, wanasikiliza spika ya mkononi. Watu kumi na wawili kwa mwongozaji mmoja, kuondoka saa moja asubuhi, kupumzika chini ya mibuyu, dafu kila baada ya kituo. Mwendo huo hata bibi wa fimbo anauweza. Asiyeweza apelekwe na mashua.

La pili ni muda, na hapa ndipo ninapotaka wapangaji wa safari wanisikilize kwa makini, kwa sababu dawa ipo na ni rahisi. Leo boti zinashusha watu Gereza na zinawasubiri Gereza. Kwa hiyo ukiwapeleka Husuni lazima uwarudishe njia ile ile, na hapo muda unaisha. Kwa nini boti zisisogee? Abiria wakishateremka na kuanza kutembea, boti zizunguke zikawachukue chini ya Husuni. Waingie kwa Gereza, watoke kwa ngazi za sultani. Saa tatu zinatosha kabisa, bila kumkimbiza mtu.

Kinachotakiwa ni kusoma maji tu. Mbele ya Husuni, maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ni tope na mizizi ya mikoko, boti haikaribii. Yakijaa, inakaribia. Ratiba ya meli inapangwa miezi mingi kabla, na majira ya maji yanajulikana miezi mingi kabla. Nahodha yeyote wa mashua pale Masoko atakuambia siku gani ya mwezi maji yanajaa asubuhi, bila hata kutazama karatasi. Hajawahi kuulizwa.

Hilo la kutoulizwa ndilo linaloniuma kuliko yote. Kampuni moja iliyoleta abiria kwetu ilikuja na waongozaji wake kutoka mbali, vijana wazuri, wana vyeti, wanajua simba na chui. Sisi wa kijijini tukaambiwa tubebe maji ya kunywa na viti vya kukunja. Nikabeba. Nikawa nyuma ya kundi nasikiliza kijana akiwaambia wageni kwamba Gereza lote lilijengwa na Wareno. Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuteka na kuupora mji, na mwaka 1512 wakaondoka. Sehemu kubwa ya kinachosimama leo ni kazi ya Waomani wa karne za baadaye. Sikumkatiza kijana mbele ya wageni, haingekuwa adabu. Lakini mzee mmoja wa kijijini aliyekaa pembeni akishona wavu alimsikia na kutikisa kichwa, na mgeni mmoja akamwona akitikisa kichwa. Mgeni akanigeukia, na kwa macho yake aliuliza swali ambalo mbeba viti hana ruhusa ya kulijibu.

Sisemi wenye vyeti wasije. Waje, tufundishane. Lakini kila kundi liwe na mtu wa Kisiwani mbele, analipwa ujira wake kama mwongozaji, kwa mkataba, pesa hiyo isiwe bahshishi ya kupewa mkononi boti ikiondoka. Kuna vijana wetu wanaoongea Kiingereza kizuri, wawili watatu wameanza Kifaransa. Na kuna akina mama wanaojua kila jina la mahali kati ya msikiti na Husuni, majina ambayo hayako kwenye kibao chochote. Mwongozaji anaweza kumkalimani mama huyo kwa dakika kumi kisimani na wageni wakamkumbuka maisha yao yote.

Wapo pia wanaohofia magofu. Ninaiheshimu hofu hiyo, maana naikumbuka. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini; kuta zilikuwa zinaanguka, bahari inakula ufuko. Ilichukua miaka kumi ya kazi, mafundi wetu wakichanganya chokaa kwa njia ya zamani, mpaka mwaka 2014 tukaondolewa kwenye orodha ile. Hakuna mtu wa Kisiwani anayetaka kurudi huko. Lakini watu mia na hamsini waliojazana kwa pamoja ndani ya Msikiti Mkuu ni hatari zaidi kwa nguzo zile kuliko makundi madogo yaliyotawanyika njiani, kila moja likiondoka robo saa baada ya jingine. TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, wanaosimamia magofu, wanaweza kuliweka hili kuwa sharti la kibali, na ninawaomba waliweke. Wakiliweka, waweke na jambo dogo la mavazi: kanga mbili tatu pale ufukweni, za kuazimwa na anayepita kijijini, zishonwe pindo na akina mama wenyewe na walipwe kwa hilo.

Yule bibi wa Kireno nilimsindikiza mpaka kwenye boti. Kabla ya kupanda aliniuliza jina la jengo tulilosimama mbele yake, nikamwambia, Gereza. Akalirudia polepole, ge-re-za, halafu akasema kwa lugha yake, igreja, kanisa. Nikamwambia ndiyo, neno tulilichukua kwenu, likageuka likawa nyumba ya kufungia watu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akavalishwa jaketi, akakaa.

Boti ikaelekea mashariki, kule meli ilikokuwa. Nilibaki mchangani nikiitazama. Ilipofika usawa wa Husuni niliiona kofia ya ukili ikigeuka kutazama juu ya jabali, na maji saa hiyo yalikuwa yamejaa, yamefika mpaka chini ya ngazi.