Treklyano: Manispaa Isiyofikisha Watu Elfu Moja, Ifutwe au Ibaki?

Kusini-magharibi mwa Bulgaria, mpakani na Serbia, kuna manispaa isiyo na mji hata mmoja. Treklyano ni vijiji vipatavyo 20 vilivyotawanyika kwenye kilomita za mraba 258 za vilima na mabonde, na kati ya manispaa zote 265 za nchi hiyo ndiyo yenye watu wachache kuliko zote. Hawafiki 1,000. Gawanya uone: kilomita moja ya mraba haipati hata watu wanne, ilhali wastani wa nchi nzima unakaribia 60.

Neno “manispaa” humpeleka msomaji wa Tanzania mjini moja kwa moja. Wabulgaria husema obshtina, nayo inaweza kuwa ya vijiji vitupu, mradi iwe na meya wake, baraza lake na bajeti yake. Ndiyo maana swali la kuziunganisha obshtina ndogo na majirani zao hurudi kila mara, na Treklyano haikosi kutajwa.

Wanaotaka iunganishwe hawakosi hoja. Sheria ya Bulgaria inataka manispaa mpya iwe na zaidi ya watu 6,000. Kwa kipimo hicho Treklyano isingezaliwa leo. Sheria nyingine inaipa kila manispaa yenye watu wasiozidi 5,000 madiwani 11, kwa hiyo watu mia kadhaa wanachagua baraza lenye ukubwa uleule wa baraza la watu elfu nne. Fedha nazo ni tatizo. Kodi ya mapato, asilimia 10 kwa kila mtu, huenda serikali kuu, na manispaa hubaki na kodi za majengo, magari na ada kama ya taka. Pale ambapo majengo mengi ni nyumba kuukuu za wazee, kodi hiyo haiwezi kulipa hata mishahara ya ofisi. Treklyano inaishi kwa ruzuku, na anayeuliza kwa nini mlipa kodi wa mji mwingine agharimie ofisi hiyo anauliza swali la haki.

Hata hivyo, tuangalie kwanza watu hao walipunguaje. Eneo hili ni sehemu ya Kraishte, jina lenye maana ya nchi ya pembezoni. Ardhi yake ni ya mawe na miteremko, na mto Treklyanska, unaoingia mto Struma, umeacha ukanda mwembamba tu wa kulima. Wanaume wa Kraishte walizoea tangu zamani kwenda mbali kujenga nyumba za watu wengine. Mwaka 1919 Mkataba wa Neuilly uliitoa Bosilegrad, mji wa upande wa pili wa milima, kwa Ufalme wa Waserbia, Wakroati na Waslovenia, na vijiji vilivyokuwa na majirani pande zote vikajikuta ukingoni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakomunisti walikusanya mashamba kuwa ya ushirika, huku migodi na viwanda vya chuma vya mji wa Pernik na ajira za mji mkuu, Sofia, zikiwavuta vijana. Mwaka 2007 Bulgaria ikaingia Umoja wa Ulaya na mlango ukafunguka zaidi. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 7,364,570 nchini. Ya 2021 ikapata 6,519,789. Treklyano ni sura kali zaidi ya jambo linaloikabili nchi nzima.

Na hapa takwimu zinapotosha vibaya. Kati ya kanda sita za kitakwimu za Bulgaria, Treklyano imo katika ile tajiri kuliko zote, kwa sababu Sofia imo humohumo. Ukipima kwa mstari ulionyooka, mji mkuu hauko hata kilomita 80. Utajiri wa Sofia umeingizwa katika wastani wa bibi kizee wa Kraishte, ingawa mfukoni mwake hauonekani.

Katika vijiji vya Bulgaria watu hubandika matangazo ya vifo yenye picha kwenye milango na miti, kisha huyabandika tena siku ya 40, miezi sita, mwaka. Kijiji kikipungua, matangazo huwa mengi kuliko watu wa kuyasoma. Anayebaki hapo anahitaji nini? Mkate uletwe na gari, theluji iondolewe njiani, muuguzi afike. Hakuna hata moja linalokuwa rahisi kwa sababu tu meya amehamishiwa Kyustendil, mji mkubwa wa jirani. Tena ndani ya manispaa ya Kyustendil, yenye makumi ya maelfu ya wakazi, kura zote za Treklyano zingepata kwa shida kiti kimoja.

Wanaounga mkono muungano hupenda kutaja Denmark, iliyopunguza manispaa kutoka 271 hadi 98 mwaka 2007. Denmark ni tambarare. Mfano wa karibu zaidi ni Ugiriki, jirani wa kusini mwenye milima na visiwa: mwaka 2011 ilishuka kutoka manispaa zaidi ya 1,000 hadi 325, na mwaka 2019 ikalazimika kuzigawa upya baadhi yake, zikiwemo za visiwa vya Corfu, Lesbos na Kefalonia. Umbali ulikuwa umeishinda ramani mpya.

Kwa maoni yangu Treklyano isifutwe, lakini isiachwe ilivyo. Idadi ya watu imepewa uzito kupita kiasi, na umbali haukupewa wa kutosha. Ruzuku ingehesabiwa kwa kilomita za barabara za kutunzwa, hesabu isiyopungua mtu anapofariki. Madiwani 11 ni wengi mno, watano wangetosha. Mhasibu, mhandisi na mpangaji ardhi wanaweza kuajiriwa pamoja na manispaa jirani. Meya, muuguzi na dereva wa gari la theluji wabaki Treklyano.