Mbaazi Zilizokataa Kuiva

Mwamu wangu, ambaye ameishi Nairobi hadi amesahau jasho ni kitu gani, alipiga simu mwezi wa Agosti akatangaza kwamba nimechoka. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Nilikuwa barazani, kikoi kiunoni, kikombe cha kahawa chungu mkononi, upepo wa kusi ukinipepea bure. Lakini mwanamume akishaambiwa mbele ya mkewe kwamba amechoka, hana tena hoja, na mama watoto akadakia hapo hapo kwamba ni kweli, ninahitaji kwenda kupumzika kando ya ziwa. Basi mimi, mtu wa kisiwa, niliyezingirwa na maji pande zote tangu kuzaliwa, nikapanda treni Miritini kwenda kutafuta maji.

Ziwa lenyewe ni Ziwa Ellis, lililo upande wa mashariki wa Mlima Kenya, karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Maneno hayo, "usawa wa bahari", nilikuwa nikiyakariri shuleni bila kutambua kwamba bahari inayosemwa ni hii yangu, na kwamba mlima wote ule umepimwa kuanzia mlangoni kwangu. Ya njiani sitayasimulia sana: Chogoria, msitu, mianzi, matope, kisha nyika ya nyasi ngumu na mimea ya lobelia iliyosimama wima kama wageni waliofika harusini wakakuta hakuna viti. Kichwa kilianza kunigonga tulipopita lango la hifadhi. Mwamu alisema hewa ya huko ni safi. Safi ni kweli, lakini ni haba. Mtu hupata kama theluthi mbili ya ile aliyoizoea pwani, na hakuna anayekurudishia chenji.

Nilipofungua mkoba wangu niliona mambo. Mafuta ya nazi, ambayo nyumbani humwagika kabla chupa haijainamishwa, yalikuwa yameganda yakawa meupe kama mshumaa. Pakiti ya kachiri za muhogo niliyoinunua Kongowea ilikuwa imevimba pande zote, imekakamaa mithili ya bunju aliyetolewa majini, na nilipoibonyeza kwa kidole ilitoa mlio ulionifanya niirudishe polepole mahali pake.

Hayo yote ningeyasamehe. Nisilolisamehe ni la mbaazi. Nilikuwa nimebeba kilo nzima ya mbaazi kavu na tui la pakiti, kwa nia ya kumkumbusha mwamu chakula cha watu. Nikaziinjika alasiri. Maji yakachemka upesi ajabu, yakapiga mapovu, sufuria ikatikisa kifuniko kwa fujo kama iliyolipwa kufanya hivyo, nami nikafurahi. Magharibi nikaonja moja: mawe. Nikaongeza moto. Isha nikaonja nyingine, na jino langu la nyuma likanionya nisirudie. Nililaumu jiko, nikalaumu gesi, nikamlaumu na aliyeniuzia mbaazi, mpaka kijana wa Chogoria aliyekuwa akituongoza akaniambia kwa upole, "Mzee, hapa maji huchemka kabla hayajapata moto." Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe ni kweli: kwetu maji huchemka kwa nyuzi 100, ilhali kule juu, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni kidogo, huchemka kwa nyuzi 88 hivi, na hata ukichochea moto namna gani hayapandi zaidi ya hapo. Yale mapovu yote yalikuwa maonyesho tu. Tulikula mkate mkavu kwa chai, na mbaazi tukazitazama.

Asubuhi mwamu akanishauri nioge ziwani. Nilitumbukiza kidole gumba cha mguu, na mpaka adhuhuri nilikuwa bado nakipapasa kuhakikisha kwamba nimerudi nacho. Yeye akashika mshipi, akafunga nzi wa bandia aliyeundwa kwa nyuzi na manyoya, akaanza kumtafuta trauti. Huyo trauti si mwenyeji wa nchi hii; ni mwaka 1905 ndipo Ewart Grogan alipomleta kutoka Scotland akamtia katika mto Gura, kule Aberdare, na labda ndiyo maana amestahimili baridi. Baada ya saa tatu akapatikana mmoja, mrefu kama kiganja changu. Nikakimbilia kisu na limau. Niliporudi, mwamu alikuwa amekwisha kumpiga picha, kumsifu, na kumrudisha majini. Marehemu baba yangu alivua mkondoni miaka arubaini, na lau angerudi nyumbani na picha, mama asingemfungulia mlango.

Usiku wa pili maji yaliyokuwa ndooni yaliganda. Nililala na soksi jozi tatu, kofia mbili, na kanga ya mama watoto shingoni, nikiwa na haja ndogo ambayo sikuthubutu kuitimiza, kwa kuwa kijana alikuwa ametaja, kama anayetaja jirani, kwamba nyati hupita pale. Kutoka hemani kwake mwamu akaniambia nishukuru, maana mwaka 2010 mwanamfalme William wa Uingereza alimposa Kate Middleton mlimani humu humu, kule Rutundu. Sishangai hata kidogo. Mtu akiulizwa swali lolote katika baridi ile atajibu ndiyo, ili apate kurudi ndani.

Niliporudi Mombasa, mama watoto alitazama picha akasema nimenawiri. Kesho yake mwamu akapiga simu kunieleza habari za Ziwa Michaelson, lililo juu zaidi na lisilofikiwa na gari. Nilimwacha aseme, nikaitoa pakiti ya kachiri mkobani. Ilikuwa imenywea, imerudi kama ilivyotoka Kongowea, ilhali mimi kichwa kilikuwa bado kinanigonga.