Sikufa jamani, nilikuwa likizo

Kabla hamjaendelea kunitumia pole, naomba nisahihishe jambo. Ile voisi noti ya shosti yangu inayozunguka kwenye magrupu ameitia chumvi yote ya Uvinza. Sikuoshwa. Hakuna aliyenivisha sanda. Ilikuwa kanga, tena yangu mwenyewe, na hiyo habari ya shehe kuitwa ameitunga yeye.

Mnaonijua mnajua kazi yangu, huduma kwa wateja, hedifoni masikioni kutwa, mtu anakutukania mama yako sababu ya bando na wewe unajibu "nakuelewa mpendwa mteja." Sheria inasema siku 28 za likizo kwa mwaka, ila pale kwetu ukiziomba zote bosi anakuangalia kama umemuomba figo. Nikapewa kipande. Shosti akasema twende Jambiani ukapumzike, tukapanda boti, tukafika Unguja mjini, tukajibana kwenye daladala ya 309, hao.

Sasa huko kupumzika kwenyewe! Usiku naota simu zinaita. Urojo naletewa, nausinzilia. Bahari ile pale mbele, rangi zile mnazozitamani kwenye picha za watu, mimi nawaza saa hizi foleni ya simu imefika ngapi na nani kakaa kiti changu. Nimechoka mpaka likizo nayo inanichosha. (Wa benki na mahospitalini mnanielewa, wengine chekeni tu.)

Siku ya tukio ilikuwa bamvua, maji yamekupwa unaweza kudhani bahari imehama mji. Shosti kaenda kutafuta madafu. Mimi nikatembea kule mbali kwenye mchanga, nikaona ngalawa imekaa zake kavu, ina kivuli kizuri, nikajilaza chali, jua kali, nikajifunika kanga kuanzia usoni. Yote. Usingizi uliokuwa unanikimbia kitandani ukaja hapohapo.

Kumbe maji yakikupwa huwa yanarudi.

Wale kina mama wa mwani wakawa wanatoka shambani, viroba kichwani, wanakimbizana na maji. Wanafika kwenye ngalawa wanakuta mtu kanyooka, kafunikwa gubigubi, mawimbi yanamlamba miguu na hashtuki. Mimi nasikia sauti kwa mbali, ila ndotoni niko kazini, simu zimerundikana.

"Kafa huyu."

"Mguse."

"Mguse wewe!"

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwana wa watu, masikini."

Kimya. Halafu mmoja akachukua kijiti cha kufungia mwani akanigusa nacho unyayoni, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Ubongo wangu ukasema simu imeingia. Nikaketi. Wima, mgongo umenyooka, kanga bado usoni, maji yananichuruzika, na kwa ile sauti ya kazini, ile tamu yenye tabasamu la kulazimishwa, nikasema:

"Asante kwa kupiga huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Viroba vyote chini. Sijawahi kusikia ukelele wa namna ile, na nimesikia wateja wengi. Nikajivua kanga, naona migongo tu na madera yaliyokunjwa mpaka magotini, maji yanaruka huku na huku. Mimi nami, malezi haya, badala ya kuwaambia niko hai nikapayuka, "Shikamooni!"

Bibi mmoja wa nyuma kabisa akaitika "Marahaba!" bila kugeuka na bila kupunguza mwendo.

Hapo ndipo shosti alipotokea na madafu yake. Hakunisaidia. Alikaa chini, ndani ya maji, akacheka mpaka dafu moja likaelea likaenda zake.

Basi wakarudi, nikaomba radhi, nikawasaidia kuokota mwani na kubeba, kiroba cha mwani mbichi msikione hivihivi, shingo mpaka leo haigeuki vizuri. Yule bibi akaniambia yeye yuko kwenye mwani tangu unaanza mwaka 1989, kashaona mengi mle majini, ila maiti mwenye adabu ndiyo kwanza.

Akaniuliza, "We mwanangu, wafanya kazi gani hasa?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaingiza mkono kifuani, akatoa kiswaswadu kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Hebu basi nitazamie, wamenila salio langu tangu juzi."

"Bibi, huu hata si mtandao wetu."

"Kwani si zote simu tu?"

Kina mama wengine wakaanza nao kupapasa mafundo ya kanga zao. Nikaketi kwenye ubavu wa ngalawa, nikapokea ile simu, nikamuuliza jina kamili kama lilivyosajiliwa.