Kivuli Hakiwekwi Kwenye Mizani

Wiki iliyopita nilikaa kwenye ukumbi wa hoteli moja Masaki, kiyoyozi kinapuliza mpaka mifupani, nikimsikiliza bwana mmoja mwenye tai akisema wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro "wahamasishwe kupanda miti ya kivuli". Wahamasishwe! Watu waliozaliwa kihambani, yaani kwenye shamba la mseto la Wachagga: kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti mirefu ya miringaringa na miruka, mfongo (mfereji wa maji) unapita pembeni ya nyumba. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Sasa tunafundishwa kihamba na mtu wa pawapointi. (Na kwenye warsha ya kahawa tulipewa chai ya rangi. Wale wazee wa birika na kashata Kariakoo wasisikie.)

Sina ugomvi na watafiti. Hapo hapo Kilimanjaro waliwafungia ndege na popo nje ya mibuni kwa nyavu, na matokeo yakachapishwa 2014: viumbe hao wakiachwa wale wadudu, maua yanayoshika tunda yanaongezeka kwa wastani wa asilimia 9, na nyuki wakiyafikia maua, matunda yanaongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 7. Sulawesi, kule Indonesia, kakao iliyokosa ndege na popo ilipoteza karibu theluthi ya mavuno. Vijidudu vinavyochavusha maua ya kakao navyo huzaliana kwenye majani yanayooza chini ya miti. Ukifagia shamba likang'aa kama sebule, umewafukuza vibarua wako.

Haya, nakubali: kivuli kikizidi mavuno yanashuka, na unyevu unaozesha maganda ya kakao. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, nao wametoa miche inayostahimili chulebuni, ugonjwa unaoharibu matunda ya kahawa, asante yao. Tuendelee.

Baba mdogo wangu alikata miringaringa mwaka jana akauza mbao. Nilimpigia kwa ukali wa mtu wa mjini. Akanijibu, "Mwanangu, huyo popo wenu analipa ada ya shule?" Nilikosa la kusema, kwa sababu mnadani kahawa inalipwa kwa kilo na daraja. Mti uliosimama miaka arobaini ukishika udongo na maji hauna safu yake kwenye stakabadhi. Ukiuangusha, siku hiyo hiyo una bei. Halafu tunasema mkulima hana elimu! Hesabu yake iko sawa kabisa, ila sisi wengine tunakula faida ya mti wake bila kutoa senti.

Na tunaikula hasa sisi wa Dar. Maji ya bombani hapa yanatoka Ruvu, na Ruvu inaanzia milima ya Uluguru. Mashirika ya CARE na WWF waliwahi kuendesha mpango huko wa kuwalipa wakulima wanaotunza mashamba ya miteremkoni, pamoja na kupanda miti, na DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar wakati huo, ikiwa miongoni mwa walipaji. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Ulaya nao wamepitisha sheria mwaka 2023 ya kukataa kahawa na kakao ya shamba lililokatiwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, ingawa wameahirisha utekelezaji zaidi ya mara moja. Hiyo ni fimbo. Chakula kiko wapi? Kakao ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, nani Kyela angeuonea huruma mti usiozaa kakao?

Mradi unaofuata upunguze kumbi za hoteli. Weka fungu la kulipia mti uliosimama, kila msimu, moja kwa moja kwenye simu ya mkulima. Majina yako AMCOS, kwenye vyama vya ushirika vya wakulima, namba ziko, na miti haijifichi. Anzeni hata na baba mdogo. Bado anayo michache, na mwenye msumeno ameshapita kuulizia.