Ukweli Wote Kuhusu Soksi Yangu ya Lushoto

Najua video mmeshaiona. Najua kwa sababu asubuhi hii muuza chapati wa mtaani kwetu hapa Ngamiani, mzee niliyemheshimu tangu utotoni, kanimiminia chai huku anaimba "haraambee". Basi tulieni niwasimulie mwenyewe, maana yule jamaa aliyeirusha, ambaye kuanzia leo tutamwita Mtangazaji, kakata mwanzo, kakata mwisho, kabakiza pale ninapovutwa soksi mguuni tu. Na maneno kaongeza. Mimi sikulia. Ule ulikuwa moshi wa kuni.

Safari ilikuwa ya kwenda kwao Mtangazaji, Lushoto, tukatembee msitu wa Magamba halafu tulale kwa bibi yake. Wadau wa Njombe na Makete, najua mtanicheka, ila mtu wa Tanga mjini baridi anaijua kwa kufungua friji. Huku hata Julai feni inazunguka. Lushoto ni mkoa wetu huu huu, lakini ipo juu mita 1,400 hivi, na Magamba unapanda zaidi ya hapo. Wajerumani walipokuwa watawala waliipa mpaka jina la kwao, Wilhelmstal, wakawa wanakimbilia huko joto la pwani likiwashinda. Sasa mahali ambapo Mjerumani alijisikia yupo nyumbani, mimi wa kuogelea Raskazone nitakwenda na nini?

"Koti utaazima," Mtangazaji akaniambia. "Shida ni miguu. Tafuta soksi za sufu. Hizo zako za kuchezea mpira ni pamba, zikilowa ndiyo basi tena, unatembea na maji."

Nikaenda mitumba. Kijana alikuwa ndiyo kwanza anafungua belo. Akaniangalia mguu, akaniangalia uso, akajua huyu leo ni wangu. Akatoa jozi moja ya soksi ndefu, nene, rangi ya majani makavu, ubavuni umefumwa mnyama mwenye mapembe ya matawi matawi. Hazijavaliwa hata mara moja, kikaratasi chake bado kimeshikizwa kwa uzi.

"Bosi, hizi ni za wawindaji wa Marekani," akasema. "Mzungu anapanda juu ya mti mwezi wa kumi na moja, anakaa humo asubuhi nzima anamsubiri mnyama, hatikisiki asije akamshtua. Sasa mtu asiyetikisika si anapoa? Ndiyo wakamtengenezea hizi."

Nikashawishika papo hapo. Hakuna aliyeniuliza: wewe kaka, unakwenda kukaa juu ya mti au unakwenda kutembea? Nilitoa elfu saba bila kupunguziwa hata mia, jambo ambalo mama yangu mpaka leo linamuuma kuliko video.

Nyumbani nikakisoma kile kikaratasi. Sufu asilimia 70, nailoni 28, na kitu cha kuvutika 2. Halafu kukawa na michoro. Naomba hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu kesi yangu yote imelala hapa. Kulikuwa na mchoro wa beseni. Ndani ya beseni, namba 30. Juu ya sifuri kuna kiduara kidogo sana ambacho mtu yeyote angedhani ni wino umedondoka. Chini ya beseni, mistari miwili iliyolala.

Nyie mngesomaje? Beseni ni maji. Mistari miwili chini yake ni kuni. Namba 30 ni dakika. Tena kwetu mtumba hauvaliwi mpaka uchemshwe, hiyo ni sheria tumeikuta. Nikaona hata Mzungu naye mamaye alimlea vizuri.

Nikawasha jiko la mkaa, nikateleka sufuria, nikatia sabuni ya unga, nikazitumbukiza. Nikatega simu dakika 30 kamili. Nikakoroga kwa mwiko muda wote ili zisiungue chini. Jamani, nani kati yenu anafuata maelekezo namna hiyo?

Nilipoziopoa nilidhani nimeshika kipande tu, nikazamisha mwiko tena kutafuta soksi iliyobaki. Hakukuwa na iliyobaki. Zilikuwa zimenywea, zimekuwa fupi, nene na ngumu, nyuzi zimeshikana huwezi kuona mfumo. Yule mnyama mwenye mapembe alikuwa amekuwa digidigi. Nikazianika hivyo hivyo, nikijipa moyo kwamba zikikauka zitajinyoosha.

Mama akarudi kutoka sokoni, akasimama chini ya kamba. Kimya. Akaniita kwa jina langu refu, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa.

"Mwanangu, hizi soksi za mtoto wa nani?"

"Zangu, mama."

"Mimi sikuulizi kwa ubaya. Kama yupo, mlete. Damu haikataliwi."

Kufikia magharibi shangazi yangu wa Pongwe alikuwa ameshapiga simu kuuliza wa kike au wa kiume. Hilo tuliache, lina kesi yake na bado halijaisha.

Mtaniuliza kwa nini nilizivaa. Kwa sababu ya elfu saba. Na kwa sababu kwenye grupu la safari nilishaposti picha ya mapembe nikaandika "wenzenu tumejipanga". Siku ya kupanda msituni, alfajiri, baridi ya Lushoto inapuliza kwenye ufa wa dirisha, nilijifungia chumbani nikazilowesha kidogo zivutike, nikajipaka mafuta ya nazi mguu mzima, nikasukuma. Kisigino cha soksi kilifika katikati ya unyayo kikagoma. Juu ilinifikia chini ya kifundo. Vidole vilikunjwa vyote vitano vikalaliana. Juu yake nikavaa buti la kuazima, nalo lilikuwa limebana hata bila soksi. Nikatoka nje natabasamu.

Msitu ni mzuri, nendeni. Mbega wapo juu ya miti, ukungu unapita chini ya miguu yako. Mimi sikumbuki zaidi ya hapo, kwa sababu mvua ya rasharasha ilinyesha, buti likaingiza maji, na kila hatua soksi ikawa inaminya kidogo zaidi. Mwanzo iliuma. Baadaye ikaacha kuuma, nikamshukuru Mungu. Kumbe ndiyo ganzi.

Haya. Tumefika kwa Bibi.

Nyumba ya Bibi ina sakafu ya saruji nyekundu, inasuguliwa mpaka unaona uso wako. Viatu vinavuliwa mlangoni. Ndani wapo Bibi, Babu, wajomba wawili, majirani waliokuja kuwaona wageni wa Tanga, na watoto ambao sijui idadi yake kwa sababu walikuwa wanaongezeka. Wote wamekaa, wanatutazama, wanangoja tuingie tuwasalimie. Na dada yake Mtangazaji amesimama na sinia la chai. Sitasema chochote kuhusu dada yake Mtangazaji, ila mjue tu kwamba alikuwepo.

Nikavua buti la kushoto. Soksi ilining'ang'ania, lakini nikaipiga sabuni ya bombani nje, nikaivua huku nimeng'ata kola ya shati. Ya kulia nikasema nitamalizia kimya kimya, nikaingia nayo, nikakaa kwenye kigoda karibu na moto.

Kosa la sufu iliyolowa ni kwamba ikipata joto inakumbuka ilikotoka. Mvuke ukaanza kupanda kutoka mguuni. Polepole. Mazungumzo yakapungua. Babu, ambaye macho yamepungua nuru lakini pua inafanya kazi, akainua kichwa, akanusa kushoto, akanusa kulia.

"Nani kamwingiza kondoo ndani?"

Hakuna aliyejibu. Mtoto mmoja mdogo, Mungu amkuze, akanyoosha kidole kwenye mguu wangu.

Bibi akavuta kigoda chake mpaka mbele yangu. "Lete mguu, mjukuu wangu." Nikamwambia shikamoo Bibi, hapana Bibi, si vizuri, wewe ni mtu mzima. Akaushika mguu akauweka kwenye mapaja yake, juu ya kanga yake safi. Akaingiza kucha pembeni ya soksi. Haikuingia. Akajaribu upande wa pili. Haikuingia. Akaminya vidole vyangu mmoja mmoja akiniuliza "unasikia?" na mimi nikijibu "nasikia, Bibi" hata pale alipokuwa ameshaacha kuminya. Akasema kitu kwa Kisambaa. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nilimwomba Mtangazaji anitafsirie, naye hakuweza kwa sababu mkono mmoja alikuwa ameshika simu na mwingine ameshika mbavu.

Bibi akashika ncha ya soksi. Mjomba mmoja akamshika Bibi kiuno. Watoto wakamshika mjomba. Wakanivuta kama wavuta kokoro, na kokoro lenyewe serikali ilishalipiga marufuku. "Haraambee!" Soksi haikusogea. Nilisogea mimi. Kigoda kilibaki pale kilipokuwa, mimi nikatua kwa makalio kwenye ile saruji inayong'aa, na saruji inayong'aa haina pa kushika. "Haraambee!" Nikapita mbele ya majirani. Nikapita mbele ya Babu, akanyanyua fimbo kunipisha. Nilijaribu kushika mguu wa meza, meza ikaja. "Haraambee!" Nikapita mbele ya sinia la chai, nikiwa chali, shati limepanda hadi kifuani, tumbo langu lote limeanikwa kwa familia ambayo sijawahi hata kupeleka kwao salamu. Macho yangu na ya mwenye sinia yakakutana. Nilijitahidi kusema "habari za hapa". Kilichotoka ni "Mama".

"Mama" peke yake. Hilo "nakufa" Mtangazaji kaliongeza, msikilize tena video utagundua sauti ni yake.

Tulifika kizingitini. Nusu yangu ikiwa ndani, nusu ipo barazani kwenye baridi, ndipo Bibi akasimama, akapumua, akasema nileteeni mkasi. Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Akakata taratibu kuanzia juu, blanketi tupu, haikuchanika hata uzi mmoja, ikafunguka. Damu ikarudi mguuni na hapo ndipo moshi wa kuni uliponiingia machoni. Wakaniletea beseni la maji ya uvuguvugu. Nikataka ya moto, wakakataa, kwamba mguu wenye ganzi hausikii ukiungua.

Aliyekataa ni kijana aliyetuongoza msituni, ambaye amewahi kuwa mpagazi Kilimanjaro. Akaomba akione kile kikaratasi, nilikuwa nacho mfukoni kwa ajili ya kujitetea. Akakisoma, akajifunika nacho usoni, mabega yakawa yanatetemeka. Kumbe 30 ni nyuzijoto. Kumbe kile kiduara ndiyo alama yenyewe. Kumbe mistari miwili maana yake ufue kwa upole mno. Akaeleza watu wote waliokuwepo, bila kuombwa, kwamba unywele wa sufu una vigamba vidogo vidogo, na maji ya moto, sabuni na kukoroga vinavifanya vishikane visiachane tena. Kila neno alilotaja, nilikuwa nimelifanya.

Na nitasema hili maana kuna wawili watatu mmeniandikia kwa nia nzuri mnaopanda Kilimanjaro Desemba: huyo kijana anasema sufu ndiyo yenyewe, inanyonya jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, na hata ikilowa bado inakupa joto kuliko pamba. Lakini za kutembea ziwe nene kiasi tu. Zile za kukaa juu ya mti zitakutoa jasho, na jasho hilo hilo ndilo litakupoza ukisimama. Buti lijaribiwe ukiwa umevaa soksi yenyewe, na vidole vicheze humo ndani, kwa sababu mguu uliobanwa unapoa hata ukiuvalisha kondoo mzima. Wao wa Kilimanjaro jozi moja kavu hawaigusi, inakaa ndani ya mfuko wa plastiki ikisubiri ule usiku wa kwenda kileleni. Kuhusu kufua, nadhani tumeelewana.

Chakula kilikuwa kizuri. Dada yake Mtangazaji hakuongea na mimi, alinipitishia bakuli la maharage huku anatazama ukuta, midomo ameibana. Tukashuka zile kona za Soni hadi Mombo bila mimi kufungua mdomo, na tulipofika Muheza video ilikuwa imeshatufikia tukiwa bado ndani ya basi. Abiria wa kiti cha mbele aliitazama mara mbili, akageuka, akanitazama, akaitazama tena.

Mama nimeshamwonyesha, ili lile suala la mtoto liishe. Kacheka mpaka kakaa chini, kisha akaniuliza kama Bibi amelipwa kanga.

Jana Bibi amepiga simu. Nikajua ananipa pole. Anasema kile kipande cha soksi amekigeuza kishikio cha sufuria, hakipitishi joto kabisa, hajawahi kupata kizuri namna ile. Anaulizia ya kushoto, maana sufuria hauiteremshi kwa mkono mmoja. Nimemwambia inakuja na basi la Jumamosi.