Kabla hujaandika setenforce 0

Ita fundi wa seva hapa Mwanza, awe wa Kirumba au wa Nyegezi, mwambie programu inazima kila ikiwashwa. Mara nyingi ataandika setenforce 0, amri inayolegeza SELinux, mlinzi wa ndani wa Linux, kabla hata hajakaa vizuri. Programu inaamka, mteja anafurahi, fundi analipwa. Umeme ukikatika na seva ikawaka upya, SELinux inarudi kama kawaida na fundi anapigiwa simu tena. Siwalaumu mafundi peke yao. Kuna wauza programu ambao hatua ya kwanza ya maelekezo yao ni "zima SELinux", na hawaoni haya.

SELinux ilitoka NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ikawekwa hadharani mwaka 2000, ikaingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux mwaka 2003. Kila faili lina lebo, kila programu ina lebo, na sera inaamua nani aguse nini, hata kama ni root, mtumiaji mkuu. Ikikataa, kerneli inaijibu programu kwamba haina ruhusa. Basi. Haijaua kitu. Programu iliyoandikwa kwa makini hulisoma jibu hilo, ikaandika kwenye logi imenyimwa nini, ikajifunga. Iliyoandikwa ovyo inaomba kumbukumbu ya kuendeshea msimbo, inanyimwa, inaendelea kuitumia kana kwamba imepewa, inaanguka. Lawama anabebeshwa askari wa getini.

Tuseme duka la dagaa pale Mwaloni lina mfumo wa stoo kwenye AlmaLinux, aina ya Linux yenye SELinux. Fundi kazihamisha kurasa kutoka folda yake kwenda /var/www/html, folda ya kurasa za wavuti, kwa mv, amri ya kuhamisha. Amri hiyo haibadilishi lebo, kwa hiyo zimefika na user_home_t yao, lebo ya mafaili ya nyumbani kwa mtumiaji, na Apache, programu inayohudumia kurasa, hairuhusiwi kuzisoma. Angetumia cp, amri ya kunakili, zingepata lebo ya huko ziendako. Dawa ni mstari mmoja wa kurudisha lebo sahihi, restorecon -Rv /var/www/html. Na kama hujui kilichokataliwa ni nini, ausearch -m avc -ts recent itakuonyesha.

Sisemi kila sera ni ya busara. Ubuntu 24.04 ilipobana user namespaces (vyumba ambavyo programu hujitengenezea ili kujitenga) kupitia AppArmor, mlinzi wake wa kazi kama ya SELinux, AppImage nyingi (programu za faili moja) zilizojengwa kwa Electron, zana ya kutengenezea programu kwa teknolojia ya wavuti, zikawa zinakufa papo hapo, na aliyebofya ikoni haoni hata dirisha la kumweleza. Hapo Ubuntu walikosea, mtumiaji alistahili kuambiwa. Lakini profaili (kanuni ya AppArmor) fupi yenye neno userns kwa programu hiyo moja ingetosha. Wengi wakakimbilia --no-sandbox, inayozima kizimba cha programu chenyewe.

Kama kweli una haraka, boti ya Ukerewe inapakia na risiti hazitoki, legeza kwa Apache tu, ambayo lebo yake ni httpd_t: semanage permissive -a httpd_t. Seva iliyobaki itaendelea kulindwa, na ambacho Apache ingenyimwa kitaandikwa kwenye audit.log, logi ya ulinzi, ukakisome boti ikishaondoka.