Kuhojiwa masta ndani ya gari ya Paje

Leo mara ya tatu naenda chuoni kufata barua ya rekomendesheni kwa dokta, na leo mara ya tatu naambiwa "katoka sasa hivi." Huyu mtu anatoka sasa hivi tangu mwezi uliopita. Kibati cha jina lake mlangoni kimebakia na skrubu moja, kimelala upande, nimekitazama mpaka nimekionea huruma.

Semesta yenyewe hata sitaki kuizungumza. Sapu moja ya kurudia mtihani, bumu la mkopo limeingia likatoka siku hiyo hiyo, grupu asaimenti watu saba kazi tumefanya wawili, waliobaki wametuma majina. Sasa imekwisha, wenye akili zao wamelala, mie najitia kuomba masta. Skolashipu inataka uzoefu wa kazi miaka 2. Kazi niliyoomba inataka masta. Haya.

Basi nikapanda gari ya Paje kurudi mjini, roho ishachafuka, faili kwapani kama karani wa mahakama, nikabanwa na bibi mmoja kapakata polo la mwani mkavu linanichoma mbavu. Shkamoo bibi. Marahaba mwanangu, wasoma? Nasoma. Wasoma nini? Hapo nikajiweka sawa, nikakohoa kidogo, nikamwambia sayansi ya mazingira, na risechi yangu ilikuwa ya mwani.

Nilijiponza.

"Ulipanda wapi?" Sikupanda bibi, nilihoji wakulima. "Ukawahoji bamvua au maji mafu?" Nikababaika, nikasema maji mafu, yale ambayo bahari haitoki sana. "Basi uliwakuta majumbani wanapika, wakakujibu ili uondoke." Gari zima kimya, hata mtoto aliyekuwa analia kanyamaza asikilize. Nikaona nisidhalilike, nikamtolea sura ya kwanza nilivyoiandika: kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989...

"Najua. Nilikuwepo."

Konda kacheka mpaka kasahau nauli ya watu wa nyuma. Nimebakiwa na silaha moja, nikasema bibi, utafiti unaonesha maji ya bahari yamezidi joto, ndo maana mwani wa kotoni unaoza. Akanitazama kama nimemwambia chumvi ina chumvi. "Yakinichoma miguu mchana sijui kama yana joto? Kotoni nishaiwacha zamani, nafunga ule mwengine, spinosamu, na bei yake ndo hivyo tena. Wewe umekaa kitako miaka mitatu unasoma hilo?" Na huku anasema vidole vyake vinafunga na kufungua kamba ya mdomo wa polo, ncha zimekuwa nyeupe kwa chumvi, kama vile bado yuko baharini na taitai zake, vile vikamba vya kufungia mwani.

"Na hiyo masta ya nini?" Kusoma zaidi bibi. "Nini?" Mwani. "Wapi?" Norwe. "Norwe kuna mwani?" Upo. "Nao wanafunga taitai?"

Sijui! Wallahi sijui. Barua ya maneno 500 nimeandika, "pasheni" nimeiweka mara nne, hilo swali halijanipitia kichwani hata kwa bahati mbaya.

Kwerekwe tumeshuka polo nimebeba mie, faili kashika yeye. Kaifungua, katazama picha ya pasipoti, kasema nimekonda, chuoni hawatupi chakula? Nikamwambia wanauza. Akaguna.

Sasa fomu inataka marefarii wawili wenye imeili ya taasisi. Mmoja katoka sasa hivi. Huyu bibi hana imeili lakini ndo mtu pekee semesta nzima aliyeniuliza nimefanya nini hasa, na mwishoni kaniambia bamvua lijalo niende nikamsaidie kufunga, nisije na daftari. Nikakubali, kichwa kishachoka, hata simu yake sikuchukua, Paje yote nitaanzia wapi kuuliza bibi wa mwani?

Na mkate wa boflo alionituma mama nimeusahau. Nimefika mlangoni ndo nakumbuka. Ataanza na barua, kisha atauliza boflo, na la boflo ndo sina pa kujifichia, duka liko pale pale kituoni.